Usikimbilie Kitambaa cha Kijani: Ushauri kwa Wanaotengeneza Filamu za Matofali Arusha

Jenga bendera ya Tanzania kwa matofali ya plastiki ya kuchezea, ipachike juu ya jengo lako dogo, kisha lipige picha jengo hilo mbele ya kitambaa cha kijani na uiamuru programu ifute kijani chote. Pembetatu ya juu, ile ya upande wa mlingoti, itafutika pamoja na kitambaa. Weka kitambaa cha bluu, nayo pembetatu hiyo itasalimika, lakini ya upande wa pili itaondoka. Mvishe kisanamu jezi ya kijani ya Yanga naye atabaki kichwa na miguu bila kiwiliwili. Migomba ya Tengeru, mibuni ya miteremko ya Meru, mahindi ya Ngaramtoni, hata lile bamba la kijani ambalo karibu kila mwenye matofali hulitandika chini kama uwanja, vyote vitatoboka.

Ndiyo maana nawaomba vijana, walimu wa klabu za shule na wazazi wanaoanza kazi hii hapa Arusha wasikimbilie kitambaa cha kijani kwa sababu tu video za mafunzo zinasema hivyo. Mafunzo mengi yametengenezwa na watu ambao hadithi zao ni za roboti, maharamia na vyombo vya anga. Hadithi ya mtoto wa hapa ina mgomba ndani yake. Mwaga kwanza matofali yote ya tukio mezani, yatazame, ndipo uchague rangi ya pazia. Rangi ambayo haimo kabisa mezani ndiyo yako.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: katuni ya aina hii hutengenezwa kwa picha moja moja. Unapiga picha, unasogeza kisanamu kidogo, unapiga tena. Picha 12 zikipita ndani ya sekunde moja, jicho linaona mwendo. Dakika moja ya filamu ni picha 720. Mchezo huu una umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani, maana mwaka 1973, miaka mitano kabla ya kampuni ya Lego kuanza kuuza visanamu vya umbo tunalolijua leo, Wadenmaki wawili, Lars na Henrik Hassing, walikuwa wamekwisha kutengeneza filamu ya matofali kuhusu safari ya kwenda mwezini. Pazia la rangi limeongezwa juu ya ufundi huo ili kisanamu kilichopigwa picha mezani kionekane kimesimama mahali pengine: mbele ya Mnara wa Saa, kando ya maziwa ya Momella, au juu ya Kilele cha Ujamaa cha Mlima Meru, mita 4,566 juu ya usawa wa bahari.

Kijani kilipata umaarufu kwa sababu ya kamera zenyewe. Katika sensa ya kawaida ya kamera au simu, kila kikundi cha vitone vinne vya kupokea mwanga kina viwili vya kijani, kimoja chekundu na kimoja cha bluu. Kwa hiyo kijani huonekana safi zaidi, na kinahitaji mwanga kidogo kuliko bluu. Kwa mtu halisi mwenye nguo za kawaida ni chaguo zuri. Kwa kisanamu chenye uso wa njano mambo yanabadilika. Njano na kijani ni majirani, na ukiilegeza programu kidogo tu ili ifute mikunjo ya kitambaa, inaanza kuigusa na ile njano ya mashavu. Bluu iko mbali na njano. Ukiwa na visanamu vingi vya uso wa njano, na huna gari la bluu wala mtu mwenye jezi ya Taifa Stars, anza na bluu. Ukiwa na vyote, bluu na kijani, tafuta pinki iliyokolea sana, kwa kuwa ni nadra kuikuta katika matofali ya nyumba, magari na mashamba.

Gharama isikutishe. Kule Wakaliga, Kampala, Nabwana Isaac Godfrey Geoffrey alitengeneza filamu ya mapigano Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa kutundika ukutani kitambaa cha kijani alichonunua sokoni, akaihariri kwa kompyuta alizoziunganisha mwenyewe. Helikopta na milipuko yake imetazamwa dunia nzima. Na yeye alikuwa anawapiga picha watu wazima wanaokimbia. Kisanamu cha matofali kina urefu wa kama sentimita nne. Pazia lenye upana wa sentimita 60 linakitosha, na karatasi moja ya manila kutoka steshenari inaweza kufanya kazi hiyo vizuri kuliko kitambaa, kwa sababu haina mikunjo. Ukiamua kununua kitambaa, chukua cha pamba kisichong'aa, kipige pasi, kibane kwenye boksi tupu kama ngozi ya ngoma. Satini iache dukani.

Kitu kinachowashinda wengi ni mwanga, na hapa nitakaa kidogo.

Pazia linatakiwa liwe na mwanga mmoja kutoka kona hadi kona. Kona moja ikiwa na giza, programu inaona rangi mbili tofauti, nawe unalazimika kuilegeza, na ukiilegeza inakula kingo za matofali. Weka balbu mbili za aina moja na nguvu moja, moja kushoto na nyingine kulia, zote zikilimulika pazia peke yake. Visanamu viwe na taa yao. Kati ya makundi hayo mawili simamisha vipande vya kadibodi ili mwanga wa huku usivuke kwenda kule. Kisha visogeze visanamu mbele, mbali na pazia, angalau sentimita 40, na nusu mita ni bora zaidi. Umbali huo unazuia mambo mawili. Kwanza, kivuli cha jengo lako hakifiki kwenye pazia. Pili, plastiki ya matofali inang'aa, na vile vinundu vya juu hunasa rangi yoyote iliyo karibu. Ukiona mstari mwembamba wa kijani ukizunguka kichwa cha kisanamu, pazia liko karibu mno au ni kubwa mno. Sehemu yoyote ya pazia ambayo kamera haiioni ifunike kwa kitambaa cheusi, maana inamwaga rangi bila kukusaidia chochote. Kioo cha mbele cha gari kichomoe. Kikibaki, utaiona rangi ya pazia ndani ya kioo, na hakuna programu ya bei nafuu itakayoitoa vizuri.

Jua la Arusha ni zuri kwa kila kitu isipokuwa hili. Wingu likishuka kutoka Meru na kupita juu ya mji, chumba kinabadilika ndani ya dakika moja, na tukio la sekunde kumi linaweza kukuchukua mchana mzima. Filamu ikichezwa, mabadiliko hayo yanaonekana kama mtu anayewasha na kuzima taa. Funga mapazia ya dirisha kabisa, au fanya kazi usiku. Hata Juni na Julai, anga linapoonekana limetulia kwa kijivu chake, mwanga wa dirishani unapanda na kushuka bila jicho kutambua, na kamera inatambua.

Umeme nao una tabia zake. Fundi wa kuchomelea wa jirani akianza kazi, balbu nyingi za bei rahisi hufifia kidogo. Dawa yake ni taa ndogo za LED zinazotumia waya wa USB, zikiunganishwa na pawabenki iliyojaa. Mwanga wake hauyumbi, na umeme ukikatika katikati ya tukio, tukio linaendelea. Taa inayowaka kwa umeme wa ukutani inapepesa mara 100 kwa sekunde, hata kama huoni, hivyo ukiitumia, weka kasi ya kamera kwenye sehemu ya 25 ya sekunde au polepole zaidi ili picha zisitofautiane. Vaa shati jeusi. Shati jeupe la anayesogeza visanamu hudundisha mwanga mezani, na kila unapohama mahali pa kusimama, tukio linabadilika rangi.

Simu ifungwe mipangilio yote: mwanga, umakini wa lenzi na uwiano wa rangi. Simu iliyoachwa ijiamulie, ukiingiza basi jekundu kwenye tukio, itabadilisha rangi ya pazia bila kukuuliza. Kwa kuwa visanamu havikimbii, unaweza kutumia ISO ya chini kabisa na kuiacha kamera ikusanye mwanga taratibu. Utapata picha isiyo na chembechembe, na chembechembe ndizo zinazofanya kingo zitetemeke baada ya rangi kufutwa. Hapa mtengenezaji wa katuni za mezani amependelewa kuliko yule wa Wakaliga, kwani hana ukungu wa mwendo, hana video iliyobanwa na kupoteza rangi, na kila picha ni picha kamili anayoweza kuikagua kabla ya kusogea hatua inayofuata. Usiiguse simu wakati wa kupiga. Tumia kitufe cha waya wa masikioni, rimoti ndogo ya Bluetooth au saa ya kuchelewesha. Miguu ya tripodi na bamba la chini vibanwe kwa selotepu. Kisanamu kikianguka, hesabu vinundu vya bamba ukirudishe pale pale kilipokuwa. Simu ikisogea, hakuna cha kuhesabu.

Nirudi kwenye ile bendera, kwa sababu kuna njia ya kuiokoa ambayo watu wengi hawaijaribu. Kwa kila mkao piga picha mbili. Ya kwanza ya kawaida, taa za visanamu zikiwaka. Ya pili, zima taa za visanamu na uliache pazia peke yake liwake, hivyo utapata umbo jeusi juu ya mwanga. Programu ya kuhariri inalitumia umbo hilo kama kikato cha kukatia picha ya kwanza. Rangi za matofali hazina neno tena, na pazia lenyewe linaweza kuwa jeupe. Bendera inabaki nzima, Yanga anabaki na kiwiliwili chake, mgomba unabaki na majani. Unalipa kwa kupiga picha mara mbili ya idadi, na unahitaji swichi iliyo mbali na meza ili usiitikise. Kwa tukio fupi lenye rangi nyingi, naipendekeza njia hii kuliko kitambaa cha rangi yoyote.

Sasa ardhi. Wanaoanza wengi hutandika pazia mpaka chini ya miguu ya visanamu, halafu wanashangaa kwa nini watu wao wanaelea. Wanaelea kwa sababu kivuli cha miguu kimefutwa pamoja na rangi. Ushauri wangu ni kwamba ardhi iwe halisi, pazia lianzie nyuma yake, mahali ambapo mbingu na mlima vitakaa. Chukua udongo mweusi wa volkano wa huku kwetu, uchekeche, umwage juu ya kadibodi iliyopakwa gundi, uuache ukauke. Ukiuacha mkavu bila gundi, vumbi litaingia kwenye viungo vya visanamu na litahama kila unapogusa, na kila punje inayohama inaonekana. Au jenga barabara kwa matofali yenyewe. Kisanamu kikisimama juu ya ardhi hiyo kina kivuli chake, na mtazamaji anauamini mlima ulio nyuma bila kujiuliza. Pazia linalofika hadi chini linafaa kwa tukio la kuruka tu. Hapo ishikilie ndege yako kwa spoku ya baiskeli iliyozungushiwa karatasi ya rangi ileile ya pazia, nayo itafutika.

Baada ya hayo inakuja picha ya nyuma, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Naona filamu nyingi za vijana wetu ambamo daladala la matofali, limejengwa kwa uangalifu mpaka na kondakta mlangoni, linapita mbele ya majengo marefu ya Marekani yaliyopakuliwa kwenye intaneti. Hii ni hasara. Mwaka 1962 ilitoka filamu Hatari! ya Howard Hawks, na John Wayne ndani yake. Ilipigwa kaskazini mwa Tanganyika, pamoja na shamba la Momella chini ya Meru. Watu walitoka Hollywood na mizigo yao yote kuja kutafuta mandhari hii. Wewe unaipata ukifungua mlango asubuhi.

Ipige mwenyewe, lakini ipige kwa akili ya tukio lako. Ukiwa mjini Arusha, Meru iko kaskazini. Kwa hiyo asubuhi jua linaupiga mlima kutoka kulia kwako, na jioni kutoka kushoto. Kama picha yako ni ya asubuhi, taa kuu ya visanamu isimame kulia. Ukiiweka kushoto, mtazamaji hatajua kasoro iko wapi, ila atahisi mtu amebandikwa. Miezi nayo ina maana. Desemba na Januari jua la mchana liko upande wa kusini, nyuma yako, linauangaza uso wa mlima. Juni linakuwa kaskazini, ng'ambo ya mlima, nao unaonekana bapa na wenye ukungu wa samawati. Upande wa Momella ni hadithi nyingine. Unautazama mlima ukiwa mashariki yake, ukuta wa kasoko umefunguka mbele yako, na asubuhi mwanga unaingia humo moja kwa moja. Kokote utakakosimama, wahi mapema, kwani mawingu huja kuufunika.

Urefu wa kamera ni kanuni ambayo haisameheki. Ukiupiga mlima ukiwa umesimama, mstari wa upeo unapita kwenye usawa wa macho yako. Basi mezani shusha simu mpaka usawa wa macho ya visanamu, na unapoiweka picha ya nyuma, mstari wa upeo upite kwenye macho yao. Ukipiga meza kutoka juu na kuweka nyuma picha uliyoipiga ukiwa umesimama, visanamu vitaonekana vinateleza kuelekea kwa mtazamaji. Ifanye picha ya nyuma iwe na ukungu kidogo wa lenzi, kwa maana kamera iliyo karibu na kitu cha sentimita nne haiwezi kuonyesha mlima kwa makali yaleyale.

Ukitaka nyuma iwe na uhai, usiweke video ya kawaida. Visanamu vyako vinakwenda kwa picha 12 kwa sekunde na video ya simu kwa 30. Mwendo huo mwororo nyuma ya mwendo wa kurukaruka unaumbua kazi yote. Iteremshe video hadi 12. Bora zaidi, iweke simu dirishani au juu ya paa, ipige picha moja kila baada ya sekunde kumi, mawingu ya Meru yakijikusanya na kuachana. Ukizipanga picha hizo moja nyuma ya kila picha ya visanamu, mlima na mtu vitapumua kwa mdundo mmoja.

Kuhusu programu sina mengi. Stop Motion Studio ya kwenye simu inapiga na kufuta rangi palepale ukilipia toleo kamili. KineMaster inafuta rangi pia. Mwenye kompyuta atumie DaVinci Resolve ya bure au Blender, ambayo nayo ni ya bure na ndiyo ninayomshauri anayetaka ile njia ya picha mbili. Yoyote kati ya hizo inatosha kama mwanga wako umekaa sawa, na zote zitakushinda kama haujakaa. Fanya jaribio la picha tano, zifute rangi, zitazame kwenye kioo kikubwa, ndipo uanze tukio zima.

Ukitaka kupiga ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha kwa kazi ya biashara, omba kibali kwanza. Droni nazo zina vibali vyake. Kwa filamu ya klabu hakuna haja ya kufika huko, maana mlima unaonekana vizuri ukiwa barabarani Usa River, Tengeru na Ngaramtoni.

Walimu wa klabu nina neno nanyi. Wapeni wanafunzi zamu ya kuupiga picha mlima mwaka mzima, asubuhi na jioni, masika na kiangazi. Kila picha iandikwe mwezi, saa na mahali ilipopigwa, kisha ihifadhiwe kwenye kompyuta ya shule. Mwanafunzi wa mwaka ujao atakayejenga daladala lake la matofali aikute Meru ikimsubiri, na ajue taa yake aiweke upande gani.